Mwaka Nilipomwogesha Bi Mwanahawa

Makame alipofariki, waliosimama kumsifu walimsifu kwa minazi. Ilikuwa siku ya tatu ya matanga, nami nimekaa upande wa wanawake, nimefika Ndagoni asubuhi ileile kwa boti na pikipiki, magoti yananiuma kama ya mtu aliyepigwa. Kutoka upande wa wanaume tulimsikia mzee mmoja akisema hajapata kuona mkwezi wa kumshinda Makame. Kwamba alipanda mpaka miaka sitini na kitu, na alishuka na madafu kifungu kizima bila kuangusha hata moja. Mwingine akasema hakuwahi kumsikia akigombana na mtu. Yote yalikuwa kweli. Lakini nililolijua mimi halikutajwa na yeyote, na nadhani waliolijua wengi wamekwisha kutangulia. Nikatamani kuinuka niseme, nikaona si mahali pake: mwanamke mzima, muuguzi mstaafu, ametoka Dar es Salaam kuja kuwaambia watu habari ya maji na sabuni. Basi nikawa natoka uani na kurudi ndani, natoka na kurudi, mpaka msichana aliyekuwa akigawa chai akaniuliza kwa adabu, “Bibi, unatafuta choo?” Nikamwambia natafuta upepo. Ndivyo nilivyo mpaka leo, nikisumbuliwa na jambo miguu ndiyo inayojua kwanza. Na mwaka ninaotaka kuusimulia, miguu yangu haikupumzika hata siku moja.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nimemaliza shule, nimeomba nafasi ya kusomea uuguzi bara, na nasubiri barua. Nilikuwa nakaa kwa mama mdogo Tatu, katika nyumba ya vyumba viwili iliyozungukwa na mihogo, na kila nikisikia kengele ya baiskeli njiani naacha ninachokifanya, kiwe kinu, kiwe ufagio, natoka mbio. Baiskeli ile ilikuwa ya bwana mmoja wa duka la ushirika. Ndiye aliyekuwa akileta barua kutoka Kilindoni pamoja na sukari na mafuta ya taa, inapopatikana sukari na yanapopatikana mafuta ya taa. Siku tatu kwa wiki sote tulikwenda shamba la ujamaa kupalilia, na mimi jembe nililichukia. Sikuchukia ujamaa, nilikuwa nasoma gazeti la kijiji kwa sauti kwa wazee wa kisomo na nikiamini niliyoyasoma. Nilichukia jembe lenyewe, na jua la mgongoni, na kule kuinuka kila baada ya hatua mbili kutazama barabara kama baiskeli inakuja.

Kwa hiyo mjumbe wa nyumba kumi alipokuja jioni moja, akakaa barazani na kusema kwamba Bi Mwanahawa ameanguka mara mbili akioga katika mwezi mmoja, na kwamba hana binti wala mkwe, ana Makame peke yake, na mwanamume hawezi kumwogesha mama yake, sikungoja amalize. Mama mdogo alikuwa anakuna nazi. Akaacha kukuna.

“Anatakiwa mtoto wa kike mwenye nguvu,” mjumbe akasema. “Na mwenye moyo.”

“Na shambani?” nikamwuliza.

“Shambani hutakwenda. Kazi hii nayo ni kazi ya kijiji.”

“Basi nitakwenda kwa Bi Mwanahawa.”

Mama mdogo hakusema kitu mbele ya mjumbe. Lakini baadaye, nikiwa chumbani nafunga nywele, nilimsikia upande wa pili wa ukuta akimwambia jirani yake, “Kakubali upesi hivyo kwa sababu hajui mikono ile imepita wapi.” Jirani akaguna. Mimi nilijua, au nilidhani najua. Bi Mwanahawa alikuwa mwosha. Tangu kabla sijazaliwa, hakuna mwanamke aliyekufa kuanzia Ndagoni mpaka vijumba vya njia ya Ras Kisimani akazikwa bila kupita mikononi mwake. Na watoto wachanga vilevile, maji yao ya kwanza alikuwa akiyamimina yeye. Watu wa kwetu walikutana na mikono yake mara mbili, na mara zote mbili hawana la kusema. Walimheshimu sana, wakampisha njia, wakampelekea chakula siku za sikukuu. Lakini sikumbuki kumwona mtu akimshika mkono kwa maongezi tu.

Nyumba yake ilikuwa ya udongo na makuti, imegeuzia mgongo barabara. Chumba chake kilikuwa na kitanda cha kamba, dirisha la ukubwa wa sinia, kasha jeusi, na harufu tatu zilizopandana: udi juu, mafuta ya nazi yaliyochacha katikati, na chini kabisa mkojo. Alikuwa amekaa kitandani, mwembamba, mrefu hata akiwa amekaa, kanga imefungwa kichwani kwa ukamilifu kama mtu anayengoja kutoka.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba. Umekuja kunikosha au kunitazama?”

“Kukuogesha, bibi.”

“Hujui unachokisema,” akanijibu, si kwa ukali. Akageukia dirishani.

Makame alinionyesha mahali pa kuogea. Ulikuwa ua wa makuti nyuma ya nyumba, sakafu ya mawe ya matumbawe yaliyopangwa na marehemu baba yake, na katikati ya mawe ukoga wa kijani uliokuwa ukiteleza kama kamasi ya pweza. Hapo ndipo Bi Mwanahawa alipoanguka mara mbili. Makame alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi wakati ule, amefiwa na mke, mfupi, miguu imepinda kwa kukumbatia minazi, na maneno machache. Alisema, “Mama haanguki kwa uzee. Anaanguka kwa haraka. Hataki mtu amkute humu.” Kisha akachukua panga lake na kamba, akaenda kukwea.

Siku mbili nilifikiri namna ya kumwogesha asianguke, na nikaona nimepata. Mtu aliyelala hawezi kuanguka. Nikakitoa kile kitanda cha kamba, nikakiweka uani chini ya kivuli, nikaondoa mkeka ili maji yapite kwenye kamba. Nikaona maji yatatuama miguuni mwangu, nikachukua jembe, nikachimba kijifereji chini ya kitanda kuelekea kwenye migomba. Sabuni mwaka ule ilikuwa ya kutafuta. Mche mmoja tuligawana nyumba tatu. Kwa hiyo nikachuma majani ya mkunazi, nikayaponda, nikayatia kwenye ndoo ya maji ya vuguvugu yatoe povu kidogo na harufu nzuri. Nikatandika shuka jeupe la kumfunika, maana nilitaka asione haya. Nilipomaliza nilijitazama na kujisifu. Nikaenda kumleta, nimemshika kiuno, tukatembea polepole mpaka mlango wa uani.

Akasimama. Akakitazama kitanda, akakitazama kijifereji chini yake, akanusa.

“Na pamba umeiweka wapi?” akauliza.

Sikumwelewa. Nikamwambia pamba haihitajiki, bibi, nina kitambaa.

“Inahitajika. Na kafuri. Nani aliyekufundisha kazi hii akakuachia nusu?”

Hapo ndipo nikaona nilichokifanya. Vijana hatukuruhusiwa kuingia anapooshwa maiti, lakini maneno tunayasikia: kitanda, mkunazi, shuka, na mfuo, ule mtaro unaochimbwa chini ili maji ya marehemu yapate pa kwenda. Nilikuwa nimeandaa kila kitu kwa mikono yangu, na nimemleta aliyewaandalia wengine, yu hai, aje kulala. Nikaanza kuomba radhi, maneno yakinitoka ovyo. Yeye akageuka, akajishika ukutani, akarudi chumbani mwenyewe hatua kwa hatua, na akakaa kwenye mkeka sakafuni kwa kuwa kitanda chake kilikuwa uani. Nikafukia ule mtaro kwa miguu na mikono. Nilifanya haraka kama niliyeua.

Kwa majuma matatu hakukubali maji yamguse ila ya udhu, na hayo alijimiminia mwenyewe kitandani kwa kopo. Mimi nilikuja kila siku. Nilifagia, nilipika uji wa mtama, nilimfulia, nilikaa mlangoni. Harufu ikapanda, ukurutu ukaanza kumtoka chini ya matiti na mapajani, na nyonga moja ikawa nyekundu kwa kukaliwa. Kila asubuhi nilijiambia leo nitamwambia mjumbe nimeshindwa, anirudishe shambani, na kila asubuhi jembe lilinitisha kuliko aibu. Siku moja Makame alirudi mapema, akala muhogo wa nazi aliowekewa na mama yake pembeni ya kitanda, na mimi nikiwa jikoni nikasikia mazungumzo yao.

“Mama, watu watasema nimekutupa.”

“Waseme. Mimi tangu mama yangu mzazi anikoshe nikiwa mtoto, hajanitia maji mtu mwingine. Niliowakosha mimi, Makame, wadogo hawakujua na wakubwa hawakujua. Mimi nitajua.”

“Yule binti hakukusudia.”

“Najua hakukusudia. Kwani nimemkasirikia? Kitanda ndicho nilichokikasirikia.”

Niliyashika maneno yale mawili, kwamba kitanda ndicho kilichomkera na kwamba yeye atajua. Jioni ile nilimwuliza Makame kama anaweza kusuka kiti. Hakuuliza cha nini. Alikata miti minne ya mkoko, akaiunga, akafuma mahali pa kukalia kwa kamba ya usumba wa nazi kama afumavyo kitanda, ila kidogo na kirefu kwenda juu, chenye mgongo na mikono miwili ya kushikilia, ili mtu akae wima na maji yapite. Kisha, bila kuombwa, akaukwangua ukoga wote kwa kifuu, akamwaga mchanga wa pwani juu ya mawe na kutandika gunia, akafunga ufito mnene kutoka mlango wa chumba mpaka uani, kimo cha mkono wa mama yake. Aliupima kwa kumsimamisha mama yake na kumtaka anyooshe mkono, kama fundi cherehani.

Bi Mwanahawa alikitazama kile kiti siku nzima kupitia mlango. Siku ya pili, jua limepanda na upepo umetulia, akasema, “Haya. Lakini kata nitashika mwenyewe.” Na ndivyo tulivyofanya. Alitembea kwa ufito, mimi nyuma yake, nimemfunga kanga kiunoni na kuishika kwa nyuma badala ya kumvuta mkono. Alikaa amejifunika kanga nyingine kifuani. Ndoo niliiweka juu ya jiwe, upande wa mkono wake wa kulia, asiiname. Akachota kwa kata ya kifuu, akayapima maji kwa kiwiko, akajimiminia begani. Akafumba macho. Mimi nilisimama kama mlingoti. Alijiosha popote alipofika, na asipofika ananiambia: mgongo, nyayo, nyuma ya magoti. Alipomaliza nilimkausha kwa kugusagusa, bila kusugua, hasa kwenye ukurutu, nikampaka mafuta mapya ya nazi. Aliporudi chumbani aliitisha chai. Akanywa vikombe viwili, akala na nusu ya mkate wa kumimina, akalala usingizi wa mchana akikoroma. Makame alipokuja akausikia mkoromo ule, akakaa chini mlangoni na kofia yake mapajani.

Ningependa niandike kwamba tangu siku hiyo nilitulia. Sikutulia. Kazi ikishakuwa nyepesi, mawazo hupata nafasi. Kila siku nilizisogeza saa mbele. Nilijua kwamba Bi Mwanahawa hupenda kukaa na maji, kujimiminia kata moja na kungoja kabla ya nyingine, na mimi katikati ya kata na kata nilikuwa nimeshafika bara, nimevaa gauni jeupe, nimepanga chumba. Aliniona. Alikuwa na macho ya mtu aliyezoea kumtazama asiyemtazama.

“Miguu yako haijawahi kukaa hapa,” aliniambia siku moja.

“Nipo, bibi.”

“Upo. Miguu haipo.”

Ikaja siku ya kengele. Alikuwa kwenye kiti, sabuni mgongoni, nami nimepiga magoti namwosha vidole vya miguu. Nikaisikia baiskeli njiani. Nikasema, “Bibi, nakuja sasa hivi, usisogee,” na kabla hajajibu nilikuwa nimeshapita mlango. Nilikimbia na mikono imejaa povu. Yule bwana alishusha gunia la sukari, akatoa barua moja. Ilikuwa ya mjumbe. Nilisimama pale nikamwuliza kama ametazama vizuri, akatazama tena mfukoni ili kuniridhisha. Labda ilikuwa dakika tano. Niliporudi uani kiti kilikuwa kitupu. Alikuwa amejaribu kuinuka apate kata iliyoanguka, gunia likakunjika chini ya mguu wake, na alikuwa amelala ubavu juu ya mawe, kanga imemfunuka, mkono wa kulia chini yake. Hakulia. Alisema kwa sauti ya chini, “Nifunike kwanza.”

Nilimfunika, nikamwinua kidogo kidogo, nikampeleka kitandani. Kifundo cha mkono kilivimba mpaka kikawa kama embe. Makame alipofika, nilikuwa nimeshajitayarishia uongo wangu, na nikautoa: kwamba nilikuwa nimemshika, akateleza. Makame alinitazama, kisha akamtazama mama yake.

“Ndivyo?” akamwuliza.

Bi Mwanahawa alikuwa amefumba macho.

“Ndivyo,” akasema. “Nilimwambia aniachie nisimame mwenyewe. Ukaidi wangu.”

Makame akaenda kumwita mzee aliyekuwa akiunga mifupa. Tulipobaki wawili, Bi Mwanahawa akafumbua macho. “Nimekufichia kwa sababu akijua hatakubali uingie tena hapa, na mimi nitarudi kule kwenye kunuka. Sikukufichia kwa kukupenda.” Akapumua. “Kukupenda ni jambo jingine.” Nimewauguza watu zaidi ya miaka thelathini tangu hapo, nimeona madaktari wakikosea na nimekosea mimi mwenyewe, lakini kila nilipowafundisha wasichana wapya, na wakaniuliza kwa nini naking’ang’ania kitu kidogo hivyo, kwamba ukiwa na mzee kwenye maji huondoki hata kama nyumba inaungua mpaka umemtoa, sikuwahi kuwaambia sababu. Wala Makame sikumwambia. Nilikuwa na miaka mingi ya kumwambia, nikaja mara kadhaa kumsalimu, tukanywa chai, na kila mara nikaondoka nalo.

Mkono ulifungwa kwa banzi na vitambaa, na kata ikawa haimwezekani tena. Sasa ilibidi nimguse mimi, mwili mzima, na sote wawili tuliogopa. Siku ya kwanza nilimtia maji mgongoni, akaruka kwenye kiti kama aliyechomwa. Kisha akanifundisha.

“Sema kwanza, halafu ndiyo uguse. Maiti ndiye asiyeshtuka.”

Basi nikawa nasema. Natia maji begani, bibi. Nainua mkono wa kushoto. Nafika shingoni. Mwanzoni nilijiona mjinga, nasema peke yangu kama chiriku. Baadaye akawa ananijibu, na majibu yakawa maongezi. Nikitaja mgongo atanihadithia mgongo wa bibi harusi fulani aliyemsinga kwa manukato, akiwa anacheka kwa kutekenywa. Nikitaja miguu atanihadithia mtoto aliyezaliwa na vidole sita na jinsi alivyomwambia mama yake kwamba mtoto huyo atakwea bila kamba. Siku moja nilisema, “Naosha tumbo, bibi,” akaushika mkono wa kiti kwa mkono wake mzima. Kisha akasema humo walilala watoto watatu, na wawili kati yao aliwaosha mwenyewe walipokufa, kwa sababu wakati ule hakukuwa na mwosha mwingine na hakutaka wangoje. “Nilikuwa nikiwaambia kila nilipowagusa,” akasema. “Nikijua hawasikii. Ndiyo nimekwambia useme.” Niliendelea kumimina maji. Kwa mara ya kwanza mwaka ule sikuwa na mahali pengine ninapotaka kuwa.

Barua yangu ilikuja wakati wa embe, na sikuisikia kengele. Mama mdogo ndiye aliyeipokea, akaniletea kwa Bi Mwanahawa akiwa ameishika kwa ncha za vidole. Nilitakiwa niripoti chuoni baada ya wiki mbili. Nilikuwa nimeiota barua ile kwa miezi kumi, na nilipoisoma nilikaa kwenye kinu jikoni nikaisoma tena, nikatafuta mahali waliposema naweza kuchelewa.

Nilitafuta wa kushika nafasi yangu. Nilianza na mama mdogo. Alinitazama kwa huruma. “Mikono ile ndiyo iliyomwosha mama yetu,” akasema. “Nikimshika nitamwona mama.” Nikaenda kwa mjumbe, akamtuma mkewe, mkewe akaumwa ghafla. Nikaenda kwa wanawake wawili wengine wa shamba la ujamaa, hodari, wenye vifua vya kubeba magunia. Mmoja akasema mume wake hataki, mwingine akasema kweli: anaogopa. Nilikuwa nazunguka njia zile kwa mguu asubuhi na mchana, barua kwenye mkunjo wa kanga, nikimkasirikia kila niliyempigia hodi, na jioni nikijikasirikia mimi, kwa kuwa nilijua sikukusudia kubaki hata kama wote wangekataa.

Ikabaki siku tatu. Nilimwambia Makame barazani, amekaa ananoa panga. Alinoa mpaka nikadhani hakunisikia. Kesho yake aliniambia kwamba amekwenda kumwuliza mwalimu wa chuo cha Kurani. Mwalimu alimjibu kwamba dharura ina hukumu yake. Mama afunikwe kinachofunikika, mkono uvae kitambaa, na mtu amwogope Mungu zaidi kwa kumwacha mama yake mchafu kuliko kwa kumwogesha. Makame aliyasema hayo yote akitazama chini. “Lakini siwezi,” akamalizia. “Nimejaribu kuiwazia, nimeshindwa.”

Siku ya mwisho nilimtoa Bi Mwanahawa kama kawaida, mchana, upepo umetulia. Tulikuwa hatujasema lolote juu ya safari, ila asubuhi ile alikuwa ameniambia nichukue kanga moja katika kasha lake, yoyote niitakayo, na nilikuwa nimechagua iliyochakaa kuliko zote, akaniambia sina akili, akanipa mpya. Alipokwisha kukaa kwenye kiti, nyuma ya makuti tukaona kivuli cha miguu iliyopinda.

“Makame,” akaita.

“Naam, mama.”

“Unangoja nini huko?”

“Nangoja mmalize.”

“Hatujaanza. Ingia.”

Kivuli hakikusogea. “Mama, mimi ni mwanamume.”

“Baba yako alipopooza nilimwogesha miezi minane. Wewe nilikuogesha mpaka ukajua kunikimbia. Wenzako waliotangulia niliwaogesha, unajua nilivyowaogesha. Katika nyumba hii haya imeingia lini?” Hakupandisha sauti. Kisha akasema polepole, kama anayeomba maji ya kunywa, “Kesho huyu hayupo. Mimi sitaki kunuka tena, mwanangu.”

Akaingia. Alikuwa ameinua uso juu kabisa, kwenye makuti ya minazi, na machozi yanamshuka mpaka kwenye ndevu. Nilimvisha kitambaa mkononi kama mtoto anayevishwa kiatu. Nilimfunika mama yake kwa shuka kuanzia kifuani mpaka magotini, nikamwonyesha jinsi ya kuingiza mkono chini yake bila kulifunua, jinsi ya kupima maji kwa kiwiko, jinsi ya kusimama upande wa mguu dhaifu.

“Ukitazama juu hivyo utanimwagia puani,” Bi Mwanahawa akamwambia.

Akashusha uso. Akachota. Mkono uliokuwa ukishusha kifungu cha madafu bila kuangusha uliiminya kata ndogo ya kifuu kwa vidole vyote vitano. Akasema, kwa sauti ambayo ilibidi aitafute, kwamba anaanzia mgongoni. Mama yake akasema haya. Na maji yakashuka. Alimwosha mgongo, na mabega, na mkono ulioungwa vibaya, akiuzungusha kwa uangalifu kama kitu alichokabidhiwa. Baada ya kata ya tano au ya sita hakuwa analia tena. Walianza kuzungumza juu ya mnazi mmoja wa mpakani, kama umekwisha kuzaa au bado. Bi Mwanahawa aliishi miaka mitatu baada ya siku hiyo, na niliambiwa hakulala na kidonda hata kimoja. Lakini wakati ule sikuyajua hayo. Nilikuwa nimesimama pembeni nimeshika taulo, nangoja nitumwe, na hakuna aliyenituma. Mwaka mzima nilikuwa nimetaka kuachiwa, na sasa nimeachiwa sikujua mikono niiweke wapi. Nikalitundika taulo kwenye ufito, karibu na Makame, mahali atakapolifikia. Nikatoka uani, nikaenda kufunga mzigo.